Minervali ya Shule za Binafsi: Mwongozo kwa Wazazi wa Lubondja, Fizi na Baraka

Shule ya binafsi nchini Kongo ina haki ya kuomba minervali, yaani ada ya masomo, lakini haina haki ya kuipandisha kwa neno la mwenye shule peke yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 45, inasema kwamba kufundisha ni kazi huru, na papo hapo inaiweka kazi hiyo chini ya uangalizi wa serikali. Ibara ya 43 inataja aina mbili za shule zinazounda elimu ya taifa: shule za umma na shule za binafsi zilizopata kibali. Juu ya ibara hizo ilijengwa sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, ambayo ndiyo sheria mama ya elimu. Kwa hiyo mzazi wa Lubondja anayeambiwa mwezi wa nane kwamba ada imeongezeka hana haja ya kunyamaza kama mteja aliyekuta bei ya sabuni imepanda dukani. Shule ile ni sehemu ya elimu ya taifa, ina inspektere juu yake, na ina karatasi ambazo mzazi anaweza kuomba kuziona.

Ugomvi mwingi wa ada katika Fizi na Baraka hutokea kwa sababu karatasi hizo hazijulikani, au zinajulikana na upande mmoja tu.

Shule ni ya nani?

Kabla ya kuuliza kama ada imepanda kwa haki, inafaa kujua shule ni ya aina gani, maana kanuni hutofautiana sana. Hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Jina la kanisa kwenye kibao haliifanyi shule kuwa ya binafsi. Shule za 5e CELPA, za 8e CEPAC, za Wakatoliki, za Wakimbanguisti na za Waislamu kwa kawaida ni shule za umma zinazosimamiwa na watu wa dini. Serikali ya Mobutu ilizitaifisha shule za makanisa mwaka 1974. Mambo yakaharibika upesi, na tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba uliorudisha usimamizi mikononi mwa makanisa, huku shule zenyewe zikibaki katika hesabu ya shule za umma. Ndiyo maana mpaka leo huitwa shule za konvansyone.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa mfukoni. Ibara ile ile ya 43 inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Maneno hayo yalikaa kwenye karatasi kwa miaka 13, mpaka serikali ya Félix Tshisekedi ilipoanza kuyatekeleza mwezi wa Septemba 2019. Kwa hiyo mtoto aliye kati ya darasa la 1 na la 6 katika shule ya konvansyone hadaiwi minervali, na swali la kuipandisha halipaswi hata kutokea. Sekondari ya umma, hata hivyo, bado inalipiwa, kwa viwango vinavyopangwa jimboni.

Kuna hali ya katikati ambayo watu wa vijijini wanaijua kuliko wakubwa wa Kinshasa. Shule nyingi za umma zina walimu ambao hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wale wanaoitwa NP, yaani wasiolipwa. Orodha hiyo zamani ilishikwa na SECOPE. Leo inashikwa na DINACOPE. Mwalimu wa namna hiyo hufundisha miaka na miaka akingojea jina lake litoke, na wazazi huchanga ili asiondoke. Mazoea hayo yana mizizi: mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi na makanisa walikubaliana kuwapa walimu pesa ya kuwashikilia, na mpango uliokusudiwa kuwa wa muda ukadumu zaidi ya miaka 25. Kumsaidia mwalimu asiyelipwa ni jambo la haki na la utu. Lakini mchango huo ni makubaliano ya hiari ya wazazi. Hauna nguvu ya ada, na haufai kuwa sababu ya kumtoa darasani mtoto wa shule ya msingi ya umma ambaye mzazi wake hakuwa na kitu.

Shule ya binafsi ni ile iliyoanzishwa na mtu, shirika au kanisa nje ya mkataba wa 1977, na inayojilipia walimu wake yenyewe. Huyo mwenye shule ndiye anayeitwa promotere. Kinachoipa shule hiyo uhai mbele ya serikali ni kibali cha waziri, kinachotolewa kwa arete, yaani amri ya maandishi, yenye namba na tarehe. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi za shule, mara nyingine hata kwenye kibao cha mlangoni. Mzazi anayeandikisha mtoto ana sababu nzuri ya kuiuliza kabla ya kutoa faranga hata moja. Shule isiyo na kibali inaweza kufundisha vizuri, lakini wanafunzi wake wakifika kwenye ENAFEP, mtihani wa taifa wa mwisho wa darasa la 6, au kwenye mtihani wa serikali mwisho wa sekondari, mara nyingi hulazimika kuandikishwa kupitia shule nyingine, na gharama hiyo huangukia kwa mzazi bila kutajwa siku ya kwanza.

Kiasi hupangwa wapi

Kinshasa huweka kanuni za jumla. Kila mwaka, kabla ya masomo kufunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba, wizara hutoa kalenda na maagizo ya mwaka mpya. Wizara hiyo iliyoitwa EPST sasa inaitwa Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, na Raïssa Malu alikabidhiwa kuiongoza mwaka 2024. Pesa za mitihani ya taifa nazo hupangwa huko huko juu, kwa hiyo shule haiwezi kuziongeza kwa jina la wizara.

Jimbo ndilo linalogusa maisha ya mzazi kwa karibu. Ibara ya 204 ya Katiba inayataja masomo ya chekechea, ya msingi na ya sekondari kati ya mambo yaliyo chini ya jimbo, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Kwa msingi huo gavana hutia sahihi arete ya ada za shule kwa mwaka wa masomo, baada ya wakubwa wa elimu, wasimamizi wa shule na wajumbe wa wazazi kukaa pamoja. Arete huorodhesha pesa zinazoruhusiwa. Kwa shule ya umma, kitu kisichokuwamo katika orodha hiyo hakina msingi, hata kama direktere anakiita kwa jina la heshima: pesa ya chaki, pesa ya ulinzi, pesa ya kumpokea inspektere.

Kwa shule ya binafsi iliyo na kibali, utaratibu uliozoeleka ni mwingine kidogo. Mwenye shule na wazazi hukubaliana kiasi katika mkutano, makubaliano yanaandikwa katika PV, yaani taarifa rasmi ya mkutano, na nakala hupelekwa kwenye ofisi ya elimu ya eneo. Arete ya gavana au maagizo ya waziri yanaweza kuongeza masharti: kuzuia ongezeko kwa mwaka fulani, kuweka kikomo, au kukataza malipo ya aina fulani. Masharti hayo hubadilika, na ndiyo sababu karatasi ya mwaka jana haitoshi kumaliza mjadala wa mwaka huu. Arete inapaswa kusomwa upya kila mwaka, yote, pamoja na vifungu vya mwisho ambavyo watu huviruka.

Karatasi hiyo hushuka ngazi kwa ngazi. Kutoka kwa Proved, mkubwa wa elimu katika jimbo la elimu, huenda kwa sous-proved, mkubwa wa tarafa ya elimu, kisha kwa wakuu wa shule. Ofisi ya sous-proved ndiyo iliyo karibu zaidi na mzazi wa Fizi, na ndiko nakala ya arete na ya PV ya shule inakopaswa kutafutwa. Inspeksheni iko pembeni ya mstari huo: inaangalia mafundisho, lakini pia inakagua maisha ya shule, hesabu zikiwemo.

Vita vimeirefusha njia hiyo. Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa AFC/M23 mwezi wa Februari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo wapiganaji hao wakaingia Uvira pia. Karatasi iliyokuwa ikichelewa wiki mbili kufika Lubondja wakati wa mvua inaweza sasa kuchelewa muhula mzima. Kuchelewa huko hakumpi mwenye shule ruhusa ya kupanga atakavyo. Mpaka kiasi kipya kikubaliwe na kuandikwa, msingi wa haki wa mazungumzo ni kile kilichokubaliwa na wazazi mwaka uliotangulia.

Familia zilizorudi kutoka Tanzania, hasa zile zilizokaa kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma tangu 1996, huja na mazoea ya huko, na si vibaya kuyatenganisha na ya hapa. Tanzania ilifuta ada ya shule za umma kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, ikagusa msingi na sekondari mpaka kidato cha nne. Mwisho wa mwaka ule ule wizara yao ilizitaka shule za binafsi zisipandishe ada bila idhini ya Kamishna wa Elimu. Mwaka 2016 serikali ikaachana na wazo la kuweka ada elekezi kwa shule hizo. Kongo haina Kamishna wa namna hiyo wa kupelekewa maombi. Nguvu ya kuzuia ongezeko imewekwa zaidi mikononi mwa gavana na mkutano wa wazazi, na kwa mzazi wa kijijini mkutano ndio ulio karibu.

Mkutano wa wazazi

Kila shule, ya umma au ya binafsi, inapaswa kuwa na komite ya wazazi, COPA, inayochaguliwa na wazazi wenyewe. Wajumbe wake huingia pia katika baraza la usimamizi, COGES, linalokaa na mkuu wa shule na walimu. Komite iliyochaguliwa na promotere mwenyewe, au ambayo rais wake ni ndugu yake, ina jina la COPA lakini haina kazi yake. Kuchagua upya komite mwanzoni mwa mwaka ni haki ya wazazi, na katika shule ndogo za Fizi mara nyingi hilo peke yake hubadilisha mambo kuliko barua kumi.

Mkutano wa kupanga ada una wakati wake: mwisho wa mwaka wa masomo, au mwezi wa nane, kabla ya kufungua. Wakati huo mzazi bado anaweza kuchagua. Mtoto hajaandikishwa, yunifomu haijashonwa, na shule nyingine bado zinapokea. Mwezi wa kumi mzazi huyo huyo hana pa kwenda, na mwenye shule anajua. Kwa hiyo ongezeko linalotangazwa baada ya watoto kuanza masomo ni baya kwa namna linavyokuja, hata kama kiasi chake ni kidogo.

Uzito wa mkutano uko katika maandishi yake. PV inayosimama inataja tarehe, mahali, idadi ya wazazi waliokuja, kiasi cha mwaka uliopita, kiasi kipya, sababu za ongezeko, namna ya kulipa kwa awamu, na sahihi za pande zote. Orodha ya waliohudhuria huambatanishwa nayo. Karatasi isemayo tu kwamba wazazi wamekubali, ikiwa na sahihi mbili na muhuri, inatia shaka. Inafaa pia wazazi wasio na mazoea ya kusoma Kifaransa wasomewe PV kwa Kiswahili au Kibembe kabla ya kutia sahihi, na komite ibaki na nakala yake siku ile ile, maana nakala inayoahidiwa kesho huwa haionekani tena.

Katika mkutano, swali la maana kuliko yote linahusu hesabu. Shule ya binafsi haipati mshahara wa walimu kutoka serikalini, na mwenye shule mwaminifu ana mzigo wa kweli. Kumwita mwizi kabla ya kuona hesabu ni kumkosea. Njia nzuri ni kufuata pesa yenyewe. Kwa mfano wa kufundishia tu: shule yenye wanafunzi 200, kila mmoja akilipa faranga 60,000 kwa mwaka, inategemea kupata 12,000,000. Ikiwa ina walimu 10 wanaolipwa 100,000 kwa mwezi kwa miezi 10, mishahara inakula 10,000,000, na zinabaki 2,000,000 za chaki, madaftari ya walimu, kurekebisha paa na safari za kwenda kwenye ofisi. Mwenye shule akisema anataka kuwaongezea walimu 20,000 kila mmoja kwa mwezi, hiyo ni 2,000,000 zaidi kwa mwaka, na ikigawanywa kwa wanafunzi 200 inakuwa 10,000 kwa kila mtoto. Ongezeko la 10,000 limeeleweka. Ongezeko la 30,000 kwa sababu hiyo hiyo halijaeleweka, na mzazi ana haki ya kuuliza 20,000 zilizobaki zinakwenda wapi.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wazazi hawapendi kuutaja. Kama watoto 40 kati ya 200 hawalipi kitu, shule inapata 9,600,000, na mishahara peke yake inapita kiasi hicho. Promotere wengi hupandisha ada ya wote ili kuziba deni la wachache, na hivyo anayelipa kwa wakati anambebea asiyelipa. Komite inaweza kuzuia ongezeko la namna hiyo kwa kupanga awamu zinazofuata mapato ya watu wa eneo: mavuno ya muhogo na mahindi, siku za soko, mwezi ambao ndagala wanapatikana kwa wingi Baraka, au mwezi ambao vijana wanarudi kutoka machimbo ya Misisi. Ratiba ya muhula iliyoandikwa kwa kufikiria mtumishi wa Kinshasa anayelipwa kila mwisho wa mwezi haimfai mkulima wa milimani.

Ndani ya mkutano huo huo yafaa kumalizwa pesa za pembeni. Ada inaweza kubaki pale pale huku gharama ikipanda kwa majina mengine: yunifomu inayouzwa na shule tu, buletini, karta ya mwanafunzi, bima, sherehe ya kufunga mwaka, mchango wa jengo. PV inayotaja ada bila kutaja hizo imeacha mlango wazi. Mchango wa jengo unastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu hulipwa na wazazi lakini jengo hubaki mali ya mwenye shule. Wazazi wanaokubali kuchangia matofali wanaweza kudai fidia inayoandikwa, kama vile ada isiyoongezeka kwa miaka miwili.

Faranga au dola

Shule nyingi za binafsi hupanga ada kwa dola, hata pale ambapo hakuna mzazi anayelipwa kwa dola. Ibara ya 170 ya Katiba inasema faranga ya Kongo ndiyo pesa ya taifa na ina nguvu ya kumaliza deni katika nchi nzima. Mwenye shule hawezi kukataa faranga. Kinachobaki ni kiwango cha kubadilisha, na humo ndimo ongezeko lisilotangazwa hujificha. Ada ya dola 30 ikihesabiwa kwa 2,800 ni faranga 84,000. Ikihesabiwa kwa 2,400 ni 72,000. Mwaka 2025 faranga ilipata nguvu upesi, na dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya 2,800 ikashuka chini ya 2,500 kabla mwaka haujaisha. Shule iliyoendelea kudai kwa kiwango cha zamani ilipandisha ada bila mkutano wowote. Na faranga ikianguka, shule inayodai kwa kiwango kipya kila asubuhi inafanya vile vile.

Dawa ni kuandika ada kwa faranga katika PV. Kama mwenye shule anashikilia dola kwa sababu ya gharama zake, PV itaje kiwango kitakachotumika mwaka mzima, au siku moja ya kila muhula ambayo kiwango cha Benki Kuu kitachukuliwa. Kiwango cha mbadilishaji wa barabarani hakifai kutajwa, maana kinatofautiana kati ya Baraka, Fizi na Misisi siku ile ile moja.

Ada ikipandishwa bila makubaliano

Mzazi anayekutana na ongezeko asilolijua huanza shuleni, kwa prefe (mkuu wa sekondari) au direktere (mkuu wa shule ya msingi), akiomba kuona vitu viwili: PV ya mkutano ulioikubali ada mpya, na arete ya gavana ya mwaka huo. Ombi hilo hufanywa kwa heshima na mbele ya mjumbe wa komite. Mara nyingi jambo huishia hapo, ama kwa sababu PV ipo na mzazi hakuhudhuria mkutano, ama kwa sababu haipo na mkuu wa shule anarudi kwenye kiasi cha zamani bila kelele. Kutohudhuria mkutano hakumpi mzazi haki ya kukataa kilichokubaliwa na wengi, na hili linauma, lakini ndilo linaloipa PV nguvu pia siku inapomlinda.

PV isipokuwepo, komite huandika barua. Barua ya mzazi mmoja husahaulika mezani. Barua ya komite yenye sahihi za wazazi ishirini inajibiwa. Iandikwe kwa Kifaransa chepesi, kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi, na isipite ukurasa mmoja: jina la shule na namba ya kibali, kiasi cha zamani, kiasi kipya, tarehe kilipotangazwa, na ombi la kurudi kwenye kiasi kilichokubaliwa mpaka mkutano ufanyike. Nakala moja huenda kwa sous-proved na nyingine kwa inspeksheni. Anayepeleka hubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri ule, ofisi inaweza kusema haikuona kitu, na kutoka Lubondja kurudi tena kuuliza ni siku nzima ya njia.

Wakati barua inasafiri, wazazi wanaendelea kulipa kiasi cha zamani na kudai risiti yake. Kuacha kulipa kabisa ni kosa linaloharibu kesi nzuri: mwenye shule atasema mbele ya sous-proved kwamba tatizo ni deni, na atakuwa na ukweli nusu. Akikataa kupokea kiasi cha zamani, komite huandika hilo pia, na jina la aliyekataa na siku.

Ofisi ya elimu isipojibu, iko njia ya utawala: mkuu wa sekta, kisha msimamizi wa teritwari kule Fizi, au meya kwa shule zilizo ndani ya mji wa Baraka. Hao hawapangi ada, lakini wanaweza kuita pande mbili mezani. ANAPECO, chama cha taifa cha wazazi wa wanafunzi na wanachuo, ni mahali pengine pa kupeleka malalamiko, hasa kama shule kadhaa za eneo moja zimepandisha kwa pamoja, maana jambo hilo halimalizwi na komite moja. Mahakama ipo kwa ajili ya mambo mazito, kama pesa iliyochukuliwa bila kuonekana. Kwa ongezeko la ada ni njia ndefu yenye gharama, na mwaka wa masomo unaweza kwisha kabla ya hukumu.

Swali linalowasumbua wazazi kuliko yote ni mtoto anayerudishwa nyumbani. Deni la minervali ni la mzazi, na mtoto wa miaka tisa anayesimamishwa mbele ya wenzake hana namna ya kulilipa. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto inautambua mkono wa mzazi na wa serikali katika masomo yake. Haimfanyi yeye kuwa mdaiwa. Mzazi aliyebanwa hufanya vizuri kumfuata prefe kabla ya siku ya kuita majina, aandike ahadi ya kulipa kwa tarehe zilizo wazi, na atoe chochote alicho nacho siku hiyo. Mkuu wa shule mwenye ahadi iliyoandikwa ana cha kumwonyesha promotere. Kwa wajane, familia za wakimbizi wa ndani na wanaolea yatima, komite inaweza kuomba mkutanoni, kabla ya mwaka kuanza, nafasi chache za ada pungufu, nazo zitajwe katika PV ili zisitegemee huruma ya mtu mmoja.

Risiti, mitihani na kuhama

Kila malipo yana risiti yenye namba, jina la mtoto, darasa, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na awamu inayolipiwa. Anayelipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money hushika ujumbe wa simu, lakini ujumbe huo unaonyesha tu kwamba pesa ilitoka. Hauonyeshi ni ya mtoto gani wala ya muhula upi. Kwa hiyo risiti ya shule bado inahitajika. Pesa iliyotumwa kwenye namba ya mwalimu binafsi ina hatari ya kupotea kwenye hesabu, na komite hufanya vizuri kukubali namba moja tu ya shule.

Darasa la 6 na mwaka wa mwisho wa sekondari huwa na gharama zake. Pesa ya mtihani wa taifa hupangwa juu na kutangazwa, na shule hukusanya na kupeleka. Yale yanayoongezwa njiani, kama usafiri wa kwenda kituo cha mtihani, chakula cha wasimamizi au mafundisho ya ziada, ni makubaliano ya wazazi kama ada nyingine yoyote, na yanahitaji PV yake. Orodha ya watahiniwa hufungwa mapema, kwa hiyo mzazi anayebishana kuhusu nyongeza hulipa kwanza kiasi rasmi cha mtihani kwa risiti, kisha mabishano ya nyongeza yanaendelea bila kuhatarisha jina la mtoto.

Mwisho ni kuhama, jambo la kila mwaka katika Fizi, ambako mapigano huondoa vijiji vizima katikati ya muhula. Mtoto anayeingia shule nyingine anahitaji buletini ya mwisho na hati inayosema alikuwa akisoma wapi na darasa gani. Shule huzishika karatasi hizo pale ambapo deni limebaki, na mzazi mwenye risiti zote huzipata kwa urahisi zaidi. Familia iliyokimbia bila karatasi inaweza kumweleza mkuu wa shule mpya, naye akaomba mwongozo kwa sous-proved ili mtoto apokewe kwa jaribio la darasa huku hati zikitafutwa. Ada aliyokwisha kulipa kule alikotoka haihamii shule mpya yenyewe, lakini inapohama shule nzima pamoja na wanafunzi wake na kufungua madarasa mahali pengine, kama zilivyofanya baadhi ya shule za vijiji vilivyohamishwa na vita, awamu zilizolipwa hubaki zimelipwa, na orodha ya malipo inayoshikwa na komite ndiyo inayothibitisha.